Pete na Jina: Vitabu Viwili juu ya Ndege wa Bustani

Mwaka 1943, vita vikiwa bado vinapiganwa, David Lack alitoa kitabu chake The Life of the Robin. Mwaka 1952 Len Howard naye akatoa Birds as Individuals. Vyote viwili vyahusu ndege wadogo wa bustani za Uingereza, na vyote vyakabili swali moja: mtu atajuaje kuwa ndege aliyemwona leo ndiye yule wa jana?

Swali ni gumu kuliko lionekanavyo. Robini, ndege mdogo mwenye kifua cha rangi nyekundu, dume na jike wafanana kabisa. Wakati wa baridi, ardhi inapoganda na wadudu kuadimika, huja kwenye meza ya makombo nje ya dirisha, na mwenye nyumba husema, "Robini wangu amerudi." Baada ya miaka minane ya kusema hivyo, huamini kuwa ndege ni mmoja. Lack, aliyekuwa mwalimu wa shule huko Dartington, Devon, aliwakamata robini akawavisha pete za rangi mbalimbali miguuni, kila mmoja na mpango wake wa rangi. (Kwa Kiswahili pete ni ya kidole, cha mguuni ni mtali au furungu. Walakini hayo ni mapambo, na hii ni alama ya kumtambulisha mvaaji. Basi na iitwe pete.)

Pete zikaleta habari ambayo mpenda ndege hakuitaka. Zaidi ya nusu ya robini wakubwa hufa kila mwaka. Yule mgeni wa miaka minane, kumbe, ni wageni kadhaa waliorithiana meza. Zaidi ya hayo, majike nao huimba wakati wa baridi, kila mmoja akilinda mpaka wake peke yake. Wimbo ambao mwenye nyumba huudhania shukrani ni onyo kwa jirani. Hata fungu la manyoya mekundu tu, likiwekwa ndani ya mpaka, laweza kushambuliwa. Lack ayaandika haya kwa lugha kavu, bila kuomboleza, na ukavu huo ndio nguvu ya kitabu. Wala asidhaniwe kuwa hakuwa na sikio la ushairi: mwaka 1950 alitoa kitabu kizima juu ya robini katika hadithi na mashairi ya Waingereza.

Howard alikuwa mwanamuziki. Nyumbani kwake Ditchling, Sussex, ndege waliingia ndani watakavyo, wakala mkononi mwake, naye akawapa majina: Baldhead, Star, Twist. Aliwatambua kwa sura, mkao na mwendo, si kwa pete. Julian Huxley, mwanasayansi mashuhuri, alikiandikia kitabu hicho dibaji, na si ajabu, maana kila ndege humo ana tabia yake kama mhusika wa riwaya. Lakini hapo hapo ndipo penye udhaifu. Pete huweza kusomwa na mtu yeyote mwenye darubini. Uso wa Baldhead ulisomwa na Howard. Alipofariki mwaka 1973, macho hayo yaliondoka naye, na msomaji hana njia ya kuhakikisha.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo Howard alishika na ambalo hesabu za pete hazilijibu. Yeye alishikilia kuwa ndege mwenye hofu haonyeshi tabia yake ya kweli. Siku ya baridi Uingereza ni fupi, na ndege mdogo hana budi kula karibu mchana kutwa ili auvuke usiku. Dakika alizofungwa ndani ya mkono wa mtu ni dakika za chakula chake. Meza iliyowekwa kwa huruma yawa chambo. Maadam ni hivyo, sura za Howard juu ya ndege waliozoea mkono bila kushikwa zastahili kusomwa na kila atundikaye wavu karibu na meza ya makombo, na zisomwe baada ya Lack, si kabla yake.