Ngome na Bustani Yake

Sisi wa bonde la Kilombero neno "boma" hatulisikii kwa wepesi. Ng'ambo ya mto, kule Mahenge, mnamo Agosti 1905 wapiganaji wa Maji Maji waliivamia boma ya Wajerumani, wakapokewa kwa bombomu. Kwa hiyo nilipokwenda Unguja na mjukuu wangu kuitazama Ngome Kongwe, nilitoka Mkula na swali moja: je, jengo hili humweleza mgeni habari za watu waliokuwa ndani yake?

Kama jengo, ngome haina upungufu. Waomani waliijenga baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Kuta zake nene zingali zimesimama, na minara yake bado inatazama bahari. Baadaye iligeuzwa gereza, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa karakana ya reli ya Bububu. Siku hizi uani mna jukwaa la maonyesho na maduka ya vinyago. Sina ugomvi na maduka. Nyumba yenye watu hutunzwa.

Mjukuu wangu ndiye aliyeuliza: "Babu, wafungwa walilala wapi?" Nikamtajia karne na watawala. Akauliza tena. Sikuwa na jibu, na kuta hazikunisaidia. Niliona haya, msomaji, kwani chuoni kwangu niliwafundisha walimu wanafunzi kuipanga kila ngome kwa mjenzi wake na mwaka wake, na aliyekariri vizuri nilimpa alama zote.

Tukavuka barabara kwenda Bustani ya Forodhani. Ilitengenezwa mwaka 1936 kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Haroub, na ikakarabatiwa mwaka 2009 kwa msaada wa Aga Khan. Haina kiingilio. Jioni vijana walikuwa wakijirusha baharini, akina mama wameketi na watoto wao, na mzee mmoja akikamua miwa. Nilionja; ya kwetu Kilombero ni mitamu zaidi.

Hukumu yangu ni kwamba bustani inaishinda ngome. Ilitengenezwa kwa heshima ya mtu mmoja, lakini watu wameifanya yao, na mgeni anawaona. Ngome nayo ingetosheka na chumba kimoja kitupu, chenye maneno machache mlangoni: hapa walilala watu. Hilo lingemfundisha mtoto kuliko orodha ya masultani niliyomsomea.

Lakini kabla ya kuwadai wengine, nilianza na deni langu. Niliporudi Mkula niliwauliza wazee majina ya babu zao waliokwenda Mahenge mwaka ule. Mpaka sasa nimepata mawili. Nimeyaandika daftarini, na mjukuu wangu anayajua.