Stadi ya ekzosi iliyokatikia kwenye hedi

Pikipiki ililetwa inanguruma kupita kiasi. Stadi moja kati ya mbili zinazobana bomba la ekzosi kwenye hedi ilikuwa imekatika, imebaki ncha ya milimita mbili hivi, na masizi yameganda pale moshi ulipokuwa ukipenyea.

Stadi ni chuma, hedi ni alumini, na alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Maji na tope vikiongezeka, kutu hujaa kwenye nyuzi mpaka stadi na hedi vinashikana. Hapo ukilazimisha spana, stadi inakatika.

Mafundi wengi hukimbilia drili. Kwangu mimi, drili ni ya mwisho. Keekee ikiteleza itakula alumini, ambayo ni laini, na kuacha chuma. Kibaya zaidi ni ile pini ya kung'olea inayosokotwa kinyume: ikikatikia ndani, keekee ya kawaida haiwezi kuitoboa.

Fundi aliyeletewa pikipiki hii alisugua ncha kwa brashi ya waya, akailoweka mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha. Asubuhi akayafuta yote, akachomoa nyaya za betri, akaweka nati juu ya ncha na kuchomelea kupitia tundu lake. Kinachofanya kazi hapa ni joto. Stadi ikiiva hutaka kutanuka, lakini hedi inaibana. Ikipoa hunywea, na kutu iliyoishika inapasuka. Alisubiri wekundu uishe, ndipo akatia spana: nyuma kidogo, mbele kidogo, unga wa kutu ukitoka kila akigeuza. Ilitoka nzima.

Nyuzi za hedi alizisafisha kwa tepu ya M6, kwa mkono. Zingekuwa zimelika, angetia helikoli, yaani nyuzi mpya za kupachika. Stadi mpya aliipaka grisi ya shaba kidogo, akaikaza kwa nati mbili zilizobanana, akaweka gasketi mpya, kisha akakaza pande zote mbili kwa zamu.

Halafu akainama upande wa nyuma wa pikipiki, kwenye kishikio cha ekzosi. Bolti yake haikuwepo. Uzito wote wa bomba na mtikisiko wa barabara vilikuwa vinabebwa na stadi mbili za milimita 6. Alifunga bolti mpya pale kabla ya kuwasha injini.