Mashahidi Wawili Chini ya Mguu

Kubadilisha pedeli ya mafuta ya kielektroniki ni kazi ndogo kwa mikono: soketi moja huchomolewa, nati mbili au tatu hufunguliwa, pedeli nyingine hufungwa mahali pake, na gari huwa tayari. Kwa sababu hiyo fundi anayeifanya hudhaniwa mara nyingi kuwa amelipwa kwa kufungua nati, na sifa huwaendea wanaoshusha injini wakatoka wamelowa oili hadi viwikoni. Hukumu hiyo si ya haki, kwa maana sehemu ngumu ya kazi hii hufanyika kabla spana haijashikwa.

Katika magari ya zamani, pedeli iliunganishwa kwa kebo ya chuma na throto, yaani kilango kinachofungua na kufunga njia ya hewa iingiayo katika injini ya petroli, hivyo mguu wenyewe ndio uliokivuta kilango hicho. Katika mfumo wa kielektroniki mguu hautendi tena, bali hutoa habari tu: sensa iliyo kwenye pedeli huigeuza hali ya kukanyagwa kuwa volti, kompyuta ya injini huzisoma, kisha huamuru mota ndogo iifungue throto kwa kadiri inayofaa. Kwa kuwa habari ya uongo mahali hapa inaweza kuua, waundaji hawakuridhika na sensa moja. Waliweka mbili, na kwa kawaida kila moja ina waya wake wa volti 5, waya wake wa nega na waya wake wa taarifa, ndiyo maana soketi ya pedeli nyingi ina waya sita. Katika Toyota nyingi, pedeli ikiwa imeachiliwa, sensa ya kwanza husoma kati ya volti 0.5 na 1.1, na ya pili kati ya 1.2 na 2.0, kisha zote mbili hupanda pamoja kadiri mguu unavyoshuka. Kompyuta huzisikiliza kama kadhi asiyetosheka na shahidi mmoja. Mmoja akinyamaza, humfuata aliyebaki huku ikiibana nguvu ya injini. Wote wawili wakikosa kuaminika, huchukulia kwamba pedeli haijakanyagwa kabisa, na injini hubaki katika mzunguko ule wa chini ambao mafundi huuita sailensa, hata dereva akikanyaga hadi sakafuni.

Hapo ndipo ustadi unapoanza. Mashine ya kupima ikionyesha msimbo P2138, maana yake ni kwamba taarifa za sensa hizo mbili hazipatani, wala hausemi kwamba pedeli imekufa. Huenda pini za soketi zimeshika kutu kwa maji yaliyokaa chini ya kapeti baada ya gari kuoshwa, huenda waya umechubuka, au, katika baadhi ya magari, sensa nyingine kabisa inayotumia umeme ule ule wa volti 5 imepiga shoti na kuishushia volti pedeli isiyo na kosa. Fundi mwenye pupa huufuta msimbo, na pamoja nao kumbukumbu ya hali ya gari wakati wa hitilafu, kisha hukimbilia maduka ya spea ya Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi kununua pedeli ambayo haitaizima taa ya hitilafu kwenye dashibodi. Fundi stadi hupima umeme unaoingia na nega inayorudi, huutikisa waya akitazama mita, kisha huibonyeza pedeli polepole kwa mkono ili aone kama volti zinapanda bila kuruka. Katika sensa za aina ya zamani, ambamo kijiti hukwaruza juu ya utepe wa kaboni, mruko huo hupatikana zaidi mwanzoni mwa mwendo wa pedeli, mahali ambapo mguu wa dereva wa foleni hushinda kutwa nzima.

Wala vyuma havipaswi kusahauliwa. Kebo ilipoondoka, ule uzito ambao mguu uliuzoea uliondoka nayo, ikabidi msuguano utengenezwe makusudi ndani ya pedeli. Na mnamo Januari 2010 Toyota iliyaita yarudishwe kurekebishwa karibu magari milioni 2.3 nchini Marekani kwa sababu msuguano huo huo, kipande kinachouzalisha kikichakaa, uliweza kuifanya pedeli ichelewe kurudi au ikwame. Hitilafu ya namna hiyo haipimwi kwa mita, bali kwa kiganja kinachojua pedeli nzima hurudi vipi.

Baada ya yote hayo, kufunga ni jambo jepesi, ilimradi namba ya spea ilingane, kwa sababu pedeli mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kutoa volti tofauti. Katika Nissan nyingi kompyuta hufundishwa upya mahali pedeli inapopumzikia: mguu ukiwa umeondolewa kabisa, swichi huwashwa kwa angalau sekunde 2 na kuzimwa kwa angalau sekunde 10, kisha hatua hizo hurudiwa. Ndipo fundi huzisoma tena taarifa zote mbili, pedeli ikiwa juu na ikiwa chini, na kulijaribu gari barabarani kabla ya kuandika bei.