Nusu Mbili za Bawa

Bawa la kuning'inia lina vitu vichache mno kwa kazi linayoifanya. Mabomba ya aluminiamu, waya za chuma kisichoshika kutu, tanga la poliesta, mbavu nyembamba za kulipa tanga hilo umbo, na ukanda wa kumbeba rubani. Halina injini wala usukani. Rubani hulala kifudifudi chini ya mkuku, yaani bomba la katikati, akashika pau ya chini ya fremu yenye pembe tatu. Akitaka kugeuka huusogeza mwili wake upande anaoutaka, akitaka kasi hujivuta mbele. Chombo kizima kina uzito wa kilo 30 hivi na upana wa mita 10 hivi, nacho hukunjwa kikawa furushi refu la kufungwa juu ya gari. Kwa chombo cha namna hii Dustin Martin aliondoka Zapata, Texas, mwezi Julai 2012, akasafiri zaidi ya kilomita 760 kwa siku moja, akibebwa na hewa ya joto inayopanda kutoka ardhini, basi.

Safari kama hiyo husifiwa, na inastahili. Mimi nataka kuisifu kazi nyingine, inayofanywa gereji, mlango umefungwa, taa imewashwa, na mwenye bawa yuko magotini na kitambaa mkononi. Naishi kusini mwa Ujerumani, ambako majira ya baridi hayana siku nyingi za kuruka, na kazi hiyo hupata nafasi yake kati ya Novemba na Machi. Wapo wanaoiona kuwa adhabu ya kungojea masika. Kwangu ni nusu ya urubani, na sidhani kwamba ni nusu ndogo.

Chombo chenyewe kina asili ya nyumbani. Francis Rogallo alikuwa mhandisi wa serikali ya Marekani, lakini bawa lake la kitambaa, lile lililoyazaa haya yetu, alilifanyia kazi na mkewe Gertrude nje ya saa za ofisi, mwaka 1948, kwa feni na pazia la jikoni. Miaka 15 baadaye, huko Grafton, Australia, John Dickenson alitengeneza bawa la kuvutwa na mashua mtoni, akatumia mbao na plastiki ya kufunikia mikungu ya ndizi, na ndiye aliyeweka ile fremu ya pembe tatu tunayoishika hadi leo. Tangu mwanzo, basi, bawa hili limekuwa kitu cha kushikwa na kueleweka na mtu mmoja mwenye mikono miwili. Hakuna sehemu yake iliyofungwa ndani ya sanduku lisilofunguliwa. Kila waya unaonekana, kila bolti inafikiwa. Asiyelijua bawa lake hana wa kumlaumu.

Kiini cha kulirekebisha ni hiki: bawa lina nusu mbili, na kila nusu ni shahidi wa mwenzake. Karatasi za kiwandani zipo, vipimo vipo, lakini rubani akiwa hewani hana kipimo chochote isipokuwa usawa wa nusu hizo. Likienda lenyewe moja kwa moja katika hewa tulivu, pande zote mbili zinasema jambo moja. Likivuta kushoto, upande mmoja umebadilika. Kazi ni kumtafuta aliyebadilika, na mara nyingi si yule unayemshuku kwanza.

Bawa nililonalo nililinunua likiwa limetumika, nalo lilikuwa likivuta kushoto. Si sana, mgeni angesema ni upepo. Ila ukiruka saa nzima huku umeusukuma mwili kulia kidogo, bega lako linajua. Lilikuwa kama baiskeli iliyopinda uma: inakwenda, inafika, lakini inakutoza njia nzima.

Mtu mwenye haraka huikimbilia ncha ya bawa. Pale kwenye ncha, tanga limeshikwa na kipande kinachoweza kuzungushwa kidogo, na ukikizungusha unabadilisha jinsi tanga linavyojipinda kuelekea nje. Ncha iliyojipinda sana hubeba kidogo. Iliyokazwa hubeba zaidi. Bawa linalovuta kushoto lina upande wa kushoto usiobeba sehemu yake, kwa hiyo kaza kushoto au legeza kulia, na mchezo umekwisha. Ni rahisi, na ndiyo sababu inafaa iwe ya mwisho.

Ya kwanza ni ukanda wa kuning'inia: je, umekaa katikati ya mkuku, au umejisokota ukamweka rubani pembeni? Kisha mikanda ya hanesi anayoivaa rubani. Kisha mkuku wenyewe, kwamba umenyooka. Vitu hivi huchukua dakika chache, nami husikitika nikiona mtu anavipita kwa kuwa havina fahari.

Kisha mbavu. Hapa ndipo napenda kukaa. Kila ubavu ni fimbo ya aluminiamu iliyokunjwa kwa mkunjo wake maalumu, wenye namba yake na mfuko wake ndani ya tanga. Kwenye bawa langu za kushoto zina ncha nyekundu, za kulia kijani, kwa desturi ile ile ya taa za vyombo vya majini na vya angani. Kiwanda hutoa karatasi ndefu yenye mchoro wa kila ubavu kwa ukubwa wake halisi. Unaitandaza mezani, unalaza ubavu juu ya mstari wake, unatazama. Fimbo hizi hupoteza mkunjo taratibu, kwa kusukumwa na kuvutwa, kwa kubanwa ndani ya mfuko, kwa safari za barabarani. Hakuna siku unayoweza kusema ndiyo iliyoharibika. Ndiyo maana jicho peke yake halitoshi, linazoea pamoja na kitu chenyewe.

Mpwa wangu alikuwa amenitembelea likizo, nikampa zile za kushoto, mimi nikachukua za kulia. Alikuwa hajawahi kuligusa bawa, na nadhani hilo lilimsaidia. Tulipofika kwenye mbavu za nje akasema, "Mjomba, hii nyekundu imelala." Kidole chake kilikuwa pale penye nafasi kati ya fimbo na mstari, milimita chache tu. Nikauweka ubavu wangu wa kijani wa namba ile ile, ukaufuata mstari vizuri. Milimita hizo zingekuwa karibu na mkuku tusingezihisi. Lakini huku nje, mbali na katikati, hewa ina wenzo mrefu wa kuligeuza bawa zima.

Ubavu haukunjwi kwa nguvu mahali pamoja. Unaushika kwa mikono yote miwili, unauegemeza pajani, unausukuma kidogo, unausogeza, unausukuma tena, kisha unaurudisha mezani. Ukizidisha, unaunyoosha kwa upole ule ule. Metali ina subira yake lakini haina nyingi. Ikikunjwa na kukunjuliwa mara nyingi mahali pale pale hukatika. Tulichukua jioni nzima. Mpwa wangu, kijana wa simu na haraka, hakuomba kuondoka.

Siku ya kwanza tulivu baada ya hapo, mvuto ulikuwa umepungua, lakini haukuisha. Ikabidi tanga livuliwe. Ni kazi kubwa kuvua tanga; kila kifungo, kila kamba ndogo ya ndani ina njia yake, nami hupiga picha kila hatua. Mabomba yakiwa wazi, unashika bomba la mbele, unaliinua usawa wa jicho ukielekea dirishani, unalizungusha polepole. Bomba lililonyooka hutulia. Lililopinda huonyesha tumbo lake likija na kwenda. La kushoto, sehemu yake ya nje, lilikuwa na tumbo. Likipinda kuelekea ndani, tanga la upande huo hulegea, ncha hujipinda kupita kiasi, upande huo hubeba pungufu. Na tulipoangalia vile vipande vya nchani, cha kushoto kilikuwa kimekwisha kukazwa. Mtu aliyepita kabla yangu alikuwa amelihisi tatizo lile lile, akalisahihisha pale palipo rahisi.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Hakufanya uovu, alitaka bawa liende sawa, na kwa muda labda lilikwenda. Lakini alichokifanya ni kuufundisha upande mmoja uongo ili ukubaliane na mwingine. Kuanzia hapo mashahidi wawili hawakusaidii tena, kwa sababu mmoja amepangwa. Bomba lililopinda lilibaki limepinda, na bomba la aluminiamu lililopinda halinyooshwi: nguvu yake imekwisha kuguswa, hubadilishwa. Tulipoweka jipya na kurudisha ncha zote mbili kwenye alama ya kiwandani, bawa lilikwenda moja kwa moja. Niliachia pau katika hewa ya asubuhi nikaona upeo wa macho umelala sawasawa mbele yangu, hausogei upande wowote.

Ndani ya kazi hii kuna kanuni ya badiliko moja kwa wakati. Unabadilisha kitu kimoja, unaandika kwenye daftari, unaruka, unaandika tena. Ukibadilisha viwili na bawa likapona, hujui kilichoponya. Likizidi kuumwa, hujui kilichodhuru. Kiwanda kinaweza kupima vizuri kuliko mimi, na karakana ya ukaguzi ina vyombo nisivyonavyo. Bawa langu hupelekwa huko kwa wakati wake na ninashukuru. Lakini fundi wa karakana hajalisikia likivuta. Mwenye bawa peke yake ndiye anayejua lilifanya nini juu na limekutwa na nini mezani.

Kuna sehemu ambazo mkono unapaswa kujizuia, na hapa sina simile na mtu. Mabawa ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 yaliua vijana wengi. Bawa likiinamisha pua kupita kiasi, tanga lilipoteza umbo lake, likapepea tupu, na mbizi haikuwa na mwisho isipokuwa ardhi. Dawa ilikuwa kamba chache nyembamba, kutoka juu ya mlingoti unaosimama katikati ya bawa hadi ukingo wa nyuma wa tanga, za kuuzuia ukingo huo usishuke, ili bawa linapopiga mbizi liinue pua lenyewe. Mabawa yasiyo na mlingoti yana vijiti ndani ya tanga karibu na ncha vinavyofanya kazi hiyo hiyo. Kuvishusha vijiti hivyo kidogo humpa rubani kasi, na ndiyo sababu katika mashindano makubwa pembe zake hupimwa. Katika gereji yangu hapana msimamizi wa kupima. Huvipima mwenyewe, kushoto na kulia, na kuviacha pale mtengenezaji alipoviweka. Usalama huo ulinunuliwa na watu waliokufa, wala si mali yangu ya kuuza.

Ninapokausha tanga namfikiria Percy Pilcher. Alikuwa Mwingereza aliyekwenda Ujerumani kujifunza kwa Otto Lilienthal, yule aliyejijengea kilima huko Lichterfelde karibu na Berlin mwaka 1894 ili apate pa kurukia, na aliyeuza mabawa yake kwa watu wengine. Pilcher alinunua moja. Lilienthal alianguka Agosti 1896. Pilcher aliendelea. Tarehe 30 Septemba 1899, huko Stanford Hall, Uingereza, wageni walikuwa wamealikwa kutazama mashine yake mpya yenye injini, lakini injini ilikuwa imeharibika. Mvua ilikuwa imelilowesha bawa lake la zamani. Hakutaka kuwaondoa wageni mikono mitupu, akaruka na hilo. Kijiti kimoja cha mkiani kilivunjika, akaanguka, akafa siku mbili baadaye. Sehemu ya habari hii inayoniuma ni ile heshima kwa wageni. Ni heshima njema kabisa, katika sebule.

Zimebaki waya. Nyumba yangu iko mbali na bahari, sina chumvi ya kuogopa. Wanaoruka juu ya pwani inawalazimu kuosha kila kitu kwa maji baridi, hata ndani ya mabomba, kwa kuwa chumvi hula metali pasipoonekana. Adui yangu ni mikunjo. Waya za pembeni za chini ndizo zinazobeba uzito wa rubani kwenda kwenye mabawa, nazo ni nyembamba kuliko mgeni anavyotarajia, kama milimita mbili na nusu. Waya ukikunjwa kwa ukali wakati wa kufunga bawa, hasa pale unapoingia kwenye kola yake iliyobanwa, nyuzi za ndani huanza kukatika moja moja. Napitisha kitambaa laini urefu wote. Uzi uliokatika hukishika. Lakini kutoshika hakumaanishi mzima, kwa hiyo waya hizi hubadilishwa kwa muda, zikiwa bado zinaonekana nzuri. Marafiki wasioruka huona huo ni ubadhirifu. Ni miongoni mwa sehemu za bei nafuu katika bawa zima.

Jozi mpya imefika wiki hii kwa posta. Kabla ya kuzifunga nimezitundika zote mbili kwenye msumari mmoja na kuzivuta chini pamoja, ya kushoto na ya kulia, nikalinganisha matundu ya mwisho. Yanapishana kwa upana wa ukucha. Mtengenezaji huruhusu tofauti ndogo, na pengine hii imo ndani ya ruhusa. Kesho nitampigia simu kumuuliza, na jibu lake nitaliandika daftarini kabla sijagusa bolti.