Bilauri ya Maji ya Karen

Hakuna zimwi katika Cabin Fever, filamu ndefu ya kwanza ya Eli Roth, iliyooneshwa Toronto mwaka 2002. Vijana watano waliomaliza chuo wanakodi nyumba ya mbao msituni, na kinachowamaliza ni maradhi yanayokula nyama ya mwili. Maradhi hayakimbizi mtu wala hayajifichi nyuma ya mlango, kwa hiyo mwongozaji alilazimika kuyatafutia mahali pa kukaa. Akayaweka kwenye maji.

Mzee wa msituni, ngozi imeshaharibika, anakuja kuomba msaada. Vijana wanapagawa, katika purukushani anashika moto na kutokomea gizani. Sisi tunaoneshwa alikoishia: maiti yake imo ndani ya bwawa linaloleta maji nyumbani. Wao hawana habari. Karen, mmoja wa vijana hao, anapokunywa bilauri ya maji ya bomba, hakuna cha kutisha kwenye picha, lakini mtazamaji ndiye anayekabwa koo. Jeff, mbinafsi wa kundi, anajitenga na kreti ya bia, na bila kujua amechagua kinywaji salama. Huo ni ukatili wa mwandishi, na ni ukatili mtamu.

Bajeti ilikuwa kama dola milioni 1.5, hivyo vidonda havikuweza kumwagwa ovyo. Vilitengenezwa na KNB EFX Group, mabingwa wa majeraha ya bandia, na Roth anavitoa kwa mkono wa bahili. Cha kwanza kwa Karen hatukioni kikianza: mkono wa Paul, mwenzake katika kundi, ulioingia chini ya shuka kwa mapenzi, ndio unaokigundua. Baadaye Marcy, msichana mwingine wa kundi, anaketi kwenye bafu kunyoa miguu. Wembe unapanda taratibu, ngozi inatoka nao. Roth amesimulia kuwa ujanani aliugua ngozi akiwa Iceland. Pengine ndiyo maana tukio hilo halina papara. Kila aliyewahi kushika wembe analikamilisha mwenyewe mwilini mwake.

Kasoro inakuja theluthi ya mwisho. Wenyeji wenye bunduki wanaingia, mzaha unazidi, na mtoto mmoja anayepiga kelele za “Chapati za maji!” huku akirusha mateke ya karate anachekesha pale tulipopaswa kuendelea kuogopa bomba. Risasi inaua papo hapo. Maji yalikuwa yanatusubirisha.