Maneno ya Kupachika na Haki ya Mkulima

Kiingereza cha sheria hupenda kupachika maneno machache kati ya mikato miwili, katikati ya sentensi. Baadhi yake ni pambo la msemaji tu, mfano wa "bila shaka" au "nionavyo". Yakiondolewa, maana hubaki. Mengine hubeba sharti lenyewe, nayo ndiyo huwaponza wafasiri.

Tuchukue mfano wa ushirika wa kahawa mkoani Kilimanjaro, ambako chama kikuu cha KNCU kilianzishwa mjini Moshi mwaka 1933. Katika ushirika wa namna hii, mkulima hupata malipo ya awali akabidhipo kahawa. Ziada, ikipatikana, hugawanywa baada ya mauzo. Tuseme kanuni ya Kiingereza yaeleza kuwa malipo ya pili, "if any", watapewa wanachama. Mfasiri ayadharauye maneno hayo mawili huandika: "Wanachama watapewa malipo ya pili." Sharti limegeuka ahadi, na mkulima wa Kibosho au Marangu aweza kukopa karo kwa kuitegemea.

Kuandika "Malipo ya pili, kama yapo," si kosa. Lakini kanuni ikisomwa mkutanoni, sharti hupita upesi masikioni. Ni bora litangulie: "Iwapo patakuwa na malipo ya pili, wanachama watapewa."

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria za Tanzania. Yafaa basi mfasiri ajiulize: nikiyafuta maneno haya, je, haki ya mtu itabadilika? Ikibadilika, na ayatoe kati ya mikato, ayaweke mwanzoni.