Daftari la Nywele na Hesabu ya Miezi Mitatu

Rasta za wiki sita zinafumuliwa saluni, na kila suko linapoachia, nywele zinajaa mapajani mwa mteja. Anashika kichwa: "Dada, nywele zangu zinaisha!" Msusi anamlaumu aliyesuka mara ya mwisho, mteja analaumu shampuu mpya, na mama aliye kiti cha pili anataja husuda. Wote watatu wanakisia. Mwenye daftari hufungua ukurasa wa siku aliposuka, akapiga hesabu. Kichwa chenye afya hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kwa siku, na zikiwa zimesukwa hazina pa kudondokea, hubaki zimenaswa ndani ya suko. Wiki sita ni siku 42. Rundo la nywele 2,100 hadi 4,200 kwa mkupuo mmoja, basi, ni la kawaida.

Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya daftari la nywele: kutenganisha hofu na tatizo. Daftari lenyewe halihitaji urembo. Kaunta buku ya dukani na kalamu vinatosha. Kinacholiharibu ni namna linavyojazwa. Wengi huandika majina ya mafuta na shampuu tu, na baada ya miezi sita wanakuwa na orodha ya manunuzi isiyoeleza chochote. Safu yenye thamani kuliko zote ndiyo inayosahaulika: mwili ulipatwa na nini, na lini.

Sababu iko kwenye maumbile ya unywele. Huota kwa miaka miwili hadi sita, kisha husimama, hupumzika takriban miezi mitatu, ndipo hung'oka. Homa kali, kujifungua, upasuaji, mshtuko mkubwa au kupungua uzito ghafla huweza kuzisukuma nywele nyingi kwa pamoja kwenye mapumziko hayo. Siku ya tukio hakuna kinachoonekana. Tuseme mama amejifungua tarehe 10 Januari. Aprili kitana kinajaa, na kwa bahati mbaya wiki hiyo hiyo alianza kupaka mafuta mapya. Atatupa kopo la mafuta lisilo na hatia, atanunua la bei kubwa zaidi, na nywele zikirejea kwa wakati wake, kama zinavyorejea kwa kawaida baada ya uzazi, sifa zote zitakwenda kwa kopo la pili. Angekuwa ameandika neno moja Januari, "nimejifungua", asingepoteza fedha wala usingizi.

Safu ya pili ni ya maumivu, na hapa ndipo uandishi huu unapookoa nywele kwelikweli. Profesa Nonhlanhla Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town na wenzake walichunguza vichwa vya watu wazima Afrika Kusini, wakakuta karibu mwanamke mmoja kati ya watatu ana upotevu wa nywele unaotokana na kuvutwa. Kazi yao ilionyesha pia kwamba hatari hupanda pale kichwa kinaposukwa kikiwa tayari kimewekwa dawa ya kulainisha nywele. Kwa hiyo usiku wa kusuka andika: je, umeshindwa kulalia ubavu? Ulimeza dawa ya maumivu? Kuna vipele kwenye nywele za mbele na karibu na masikio? Wanawake wengi wamelelewa kuamini kwamba suko linalouma ndilo linalodumu, na kesho yake maumivu yakipoa husahaulika. Karatasi haisahau. Mistari mitatu ya "iliuma sana" chini ya msusi mmoja inatosha kumwambia alegeze mkono, au kumtafuta mwingine.

Kisha kuna vipimo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulilinganisha vijana wenye asili ya Afrika na wenye asili ya Ulaya: nywele za kundi la kwanza zilikua wastani wa mikromita 256 kwa siku, za kundi la pili 396. Kwa mwezi, nywele zetu zinaongezeka kama milimita 8 hivi. Kupima kila wiki, basi, ni kujichosha bure. Pima kila baada ya miezi mitatu, kwa rula, ukinyoosha fungu lile lile la nywele, tuseme la kisogoni, na upige picha dirishani saa ile ile. Kama mwaka umepita na urefu ni ule ule, usikimbilie kusema nywele hazikui. Mara nyingi zinakua mizizini na kukatika nchani.

Ushahidi uko kwenye kitana. Chukua nywele 20, zitandaze juu ya karatasi nyeupe, uzitazame moja moja karibu na mwanga. Unywele uliodondoka kutoka mzizini una kijivimbe cheupe ncha moja, kidogo kuliko chembe ya chumvi. Usio nacho, tena mfupi, umekatika njiani. Andika idadi, zenye kijivimbe kwanza: 14 kwa 6, au 5 kwa 15. Idadi ya pili inaelekeza kwenye moto wa pasi, dawa na uchanaji wa nywele kavu. Ya kwanza, ikiambatana na kudondoka kwingi kuliko kawaida, inaelekeza ndani ya mwili.

Anayetaka kujaribu kitu abadili kimoja tu. Mafuta ya nazi, kwa mfano, yana utetezi wa maabara: utafiti wa mwaka 2003 ulionyesha yanapunguza upotevu wa protini kwenye unywele yakipakwa kabla au baada ya kuosha. Yapakwe kabla ya kuosha kwa wiki nane, mengine yote yabaki vile vile, ndipo nywele 20 zihesabiwe tena.

Nywele za mbele zikianza kurudi nyuma, au za utosini kupungua, mpelekee daktari wa ngozi daftari hilo. Litampa tarehe, na tarehe ndizo atakazoziuliza kwanza. Usingoje ngozi iwe laini na kung'aa bila vitundu vya nywele: hapo kovu limeshaingia, na nywele za sehemu hiyo hazioti tena.